Maini na mnofu, kipi kina lishe zaidi? Kuna ubishi nyumbani hauishi

Msumeno_Butu

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada maana hapa kwangu kuna ubishi umeshakuwa mrefu na kila mtu kakaza shingo. Iko hivi, mdogo wangu ninayeishi naye kaanza mambo ya gym na huko kajazwa maneno kwamba huu mnofu tunaokula siku zote ni kujaza tumbo tu, lishe yote ya mnyama iko kwenye viungo vya ndani, maini, figo, moyo, na kwamba ndo maana simba akishaua anaenda ndani kwanza kabla hajagusa paja. Basi sahivi yeye ni maini karibu kila siku, mnofu anautazama kama takataka.

Mama watoto naye yuko upande wa pili kabisa, hataki ini hata kwenye friji, anasema ini ni chujio la mnyama, sumu zote na madawa anayopigwa sindano yanaishia pale, kwa hiyo anayekula maini kala uchafu wa ng'ombe.

Mimi nipo katikati na njaa yangu. Nauliza hivi, ukiweka gramu mia za mnofu na gramu mia za maini pembeni, kweli kuna tofauti kubwa hivyo au ni maneno ya gym? Protini je? Na hiyo habari ya sumu ina ukweli? Anayejua namba aweke namba maana hapa bila namba hakuna anayesikia.

---

Kifua_Chuma

Dogo yuko sahihi mkuu, mwache ale. Maini ni multivitamini ya asili, mimi mwenyewe ndo siri yangu. Mnofu ni ladha tu.

---

Bi_Mizani

Mkuu mtoa mada, nimesomea mambo ya lishe kwa hiyo ngoja niweke namba halafu kila mtu hapo nyumbani achukue anachokitaka. Natumia ng'ombe, gramu 100, mbichi, mnofu usio na mafuta mengi, na ukumbuke ni wastani, mnyama na mnyama hawafanani.

Protini: mnofu kama gramu 21 au 22, maini kama 20. Yaani hapo hakuna mshindi, na kama dogo anakula maini kwa ajili ya kujenga misuli basi mnofu unamzidi kidogo, maana mnofu ndo wenye kreatini nyingi pia (ile inayoipa misuli nguvu ya haraka), kama gramu 4 mpaka 5 kwa kilo ya nyama mbichi. Hilo watu wa gym wangelijua wangeacha kuudharau.

Sasa ukitoka kwenye protini ndo mambo yanabadilika. Madini ya chuma, mnofu una kama miligramu 2 hadi 2.5, maini karibu 5, kwa hiyo mara mbili hivi. Vitamini B12, mnofu kama mikrogramu 2, ambayo inakaribia kutosha siku nzima maana mtu mzima anahitaji 2.4, ila maini yana karibu 59. Umeisoma vizuri, hamsini na tisa. Foleti (hii ndo wajawazito wanapewa vidonge vyake) mnofu una kidogo sana, maini karibu mikrogramu 290 wakati hitaji la siku ni 400. Vitamini B2 maini yana miligramu 2.8 hivi, mahitaji ya siku ya mtu mzima ni 1.1 mpaka 1.3. Na vitamini A, mnofu hauna kitu cha kuhesabu, maini yana karibu mikrogramu 5,000.

Zinki zinakaribiana, na mara nyingi mnofu unakuwa mbele. Kwa hiyo anayesema mnofu ni kujaza tumbo anakosea, mnofu una protini kamili, zinki, B12, B6, niasini, na chuma chake ni cha aina ambayo mwili unakipokea kirahisi kuliko cha maharage na mboga za majani. Tofauti ni kwamba maini ni ghala. Mnyama anaweka akiba yake ya vitamini A, B12, shaba na chuma kwenye ini, na wewe ukila ini unakula akiba ya miezi mingi ya mnyama mzima kwa mlo mmoja, ndo maana namba zinatisha.

Na hapohapo ndo tatizo la kula kila siku linapotokea. Mwanaume mzima anahitaji vitamini A mikrogramu 900 kwa siku, mwanamke 700, na kiwango ambacho hutakiwi kukizidisha kila siku, kwa vitamini A ya wanyama, ni 3,000. Maini yakiiva yanapoteza maji kwa hiyo gramu 100 zilizoiva zinafika mikrogramu 9,400 hivi. Mara tatu ya kikomo. Ukila leo na ukarudia wiki ijayo mwili unaweka akiba, unaitumia taratibu, hakuna shida. Ukila leo na kesho na keshokutwa akiba inajaa haina pa kwenda maana hii haitoki na mkojo kama vitamini C, inakaa kwenye mafuta na kwenye ini lako wewe. Dalili zake zinakuja polepole, kichwa kuuma, ngozi kukauka na kupasuka midomo, nywele kukatika, mifupa kuuma, na mwisho ini lenyewe kuharibika.

Na kuna shaba, ambayo kwenye hizi habari za gym haitajwi kabisa sijui kwanini. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyoiva zina kama miligramu 14. Hitaji la siku halifiki hata miligramu 1, na kikomo ni 10.

Kwa hiyo mwambie dogo mara moja kwa wiki, kipande cha gramu 80 mpaka 100 kilichoiva, inamtosha kabisa. Siku zingine ale mnofu, samaki, mayai, maharage, awe na amani.

---

Kifua_Chuma

Bi Mizani namba zako nimeziona ila simba mbona anakula maini maisha yake yote na hafi? Mababu walikula mnyama mzima hakuna aliyehesabu mikrogramu.

---

Bi_Mizani

Simba ana sababu yake. Jamii yote ya paka, kuanzia huyo wa nyumbani mpaka simba, haiwezi kugeuza karotini ya mimea kuwa vitamini A. Lazima aipate ikiwa tayari ndani ya mnyama mwingine, na ini ndo ilipo. Wewe ukila karoti au mboga za majani mwili wako unatengeneza vitamini A yenyewe, na unatengeneza kwa kipimo, ikitosha unapunguza kasi, ndo maana hakuna anayepata sumu ya vitamini A kwa kula karoti, sanasana atakuwa wa njano viganjani. Na simba hali swala kila siku, tena ini la swala mmoja wanagombania wengi.

Kuhusu mababu, mnyama mzima ana ini moja na mnofu wa kutosha ukoo. Gawanya ini la ng'ombe kwa watu wote waliokula huyo ng'ombe uone kila mtu anapata kiasi gani. Anayekwenda kununua kilo ya maini kila baada ya siku mbili hali mnyama mzima, anakula maini ya wanyama wengi na mnofu wao kawaachia wengine.

---

Kisu_Cha_Mkaguzi

Ngoja mimi niingie kwenye hili la shemeji maana la sumu ndo kazi yangu, nimekagua nyama miaka mingi.

Kwanza ini halihifadhi sumu. Kazi yake ni kuzibadilisha ziwe kitu ambacho mwili unaweza kukitoa, vingine vinatoka na nyongo kwenda kwenye kinyesi, vingine vinarudi kwenye damu vinachujwa na figo vinatoka na mkojo. Ini likianza kujaa sumu huyo mnyama anaumwa, na anatakiwa asifike kwenye bucha. Kwa hiyo hapo shemeji kakosea.

Ila hajakosea asilimia mia. Kuna vitu viwili vinakaa kweli. Kimoja ni metali nzito hasa kadimiamu, inajikusanya kwenye figo zaidi na ini kidogo, na inaongezeka kadiri mnyama anavyozeeka au kama alilishwa sehemu yenye uchafuzi wa viwanda na migodi. Ndo maana figo la ndama na figo la ng'ombe mzee si kitu kimoja. Kingine ni mabaki ya dawa. Mnyama akichomwa antibayotiki kuna siku maalum za kusubiri kabla hajachinjwa, kila dawa na siku zake, na zisipofuatwa mabaki yanakuwa mengi kwenye ini na figo, na pia pale alipochomwa sindano, ambapo mara nyingi ni kwenye mnofu wa shingo!! Kwa hiyo hata mnofu haujasalimika, suala ni mfugaji na daktari wake wa mifugo kama ni waaminifu.

Pili, tunapokagua ini tunalipapasa, tunalikata kwenye njia za nyongo kuangalia minyoo bapa ya ini, na tunatafuta malengelenge yenye maji. Likiwa na hivyo tunakata sehemu au tunatupa lote. Hiyo minyoo ya ini hupati kwa kula ini lililopikwa, watu wanaipata kwa kula majani yanayoota majini bila kupika au kunywa maji machafu, ila ini lililoliwa na minyoo limeharibika na halifai kuuzwa. Na hayo malengelenge tafadhali msimtupie mbwa ini bichi lenye hayo, mbwa ndo anageuka kiwanda cha minyoo na mayai yanarudi kwa watoto kupitia kinyesi chake. Binadamu anaumwa ugonjwa huo kutoka kwa mbwa, si kwa sahani.

Sasa mwambie shemeji hili, tegu wa ng'ombe, ule mnyoo mrefu wa kwenye utumbo wa binadamu, anakaa wapi kabla hajakufikia? Kwenye misuli. Mnofu. Tunamtafuta kwenye misuli ya taya, ulimi na moyo. Wanaokula nyama ikiwa na damu katikati ndo wanampata. Kwa hiyo kama hoja ni uchafu basi na mnofu uingie kwenye kesi. Nunua nyama iliyopigwa mhuri, ipike iive, hiyo inahusu viungo vyote.

Ini la kununua liangalie hivi, liwe na rangi moja iliyokolea, linang'aa, halina madoa meupe wala vinundu, ukilibonyeza halimung'unyuki, na harufu iwe ya damu mbichi tu. Likiwa na ukijani na utelezi au harufu ya uchachu, acha. Na maini yanaharibika haraka kuliko mnofu, yakae kwenye friji siku moja au mbili zaidi ya hapo gandisha.

---

Msumeno_Butu

Aisee mnanifungua macho. Mkaguzi hilo la tegu nimemsomea mama watoto kanyamaza kwanza halafu kasema basi na mnofu tuache 😂

Sasa maswali mengine, tumekomalia maini tu, vipi hivyo vingine? Moyo, figo, utumbo, bandama, mapafu. Vyote vina lishe kama maini? Maana dogo anasema "viungo vya ndani" kana kwamba ni kitu kimoja. Halafu mzee wangu ana jongo, kidole gumba cha mguu kinavimba mpaka anashindwa kuvaa kiatu, na yeye anapenda figo sijapata kuona. Na shemeji yangu mmoja ni mjamzito miezi ya mwanzo, kaambiwa damu ndogo, watu wanamwambia ale maini kwa wingi. Hapo vipi?

---

Nesi_Tulia

Kwanza la mjamzito maana hilo haliwezi kusubiri. Kaka, mwambie asile maini kwa wingi, na miezi mitatu ya mwanzo ndo kabisa. Vitamini A ya wanyama ikizidi kipindi ambacho mtoto anaumbika inaweza kuleta kasoro za maumbile. Uingereza huduma ya afya inawaambia wajawazito waache kabisa maini na vyakula vilivyotengenezwa kwa maini, pamoja na mafuta ya maini ya samaki. Nchi zingine wanaruhusu kidogo mara mojamoja, ila "kwa wingi ili damu ipande" hakuna anayeshauri hivyo.

Na tena mahitaji ya chuma ya mjamzito ni miligramu 27 kwa siku. Hata akila gramu mia za maini yaliyoiva kapata 6 na kidogo. Damu ndogo ya ujauzito inatibiwa kwa vidonge vya chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki, avinywe hata kama vinamchefua, aende apimwe tena. Chakula kinasaidia, mnofu mwekundu anakula bila hofu ukiwa umeiva, mayai, kunde, na kitu chenye vitamini C kwenye mlo huohuo kama chungwa au limau, inasaidia chuma cha mboga kupenya. Chai na kahawa asinywe wakati wa kula, asubiri kwanza.

Mzee mwenye jongo, figo na maini vyote vina purini nyingi sana, na purini ikivunjwa mwilini ndo inakuwa ile asidi ya yuriki inayoganda kwenye viungo na kumtesa. Bandama nayo vilevile. Mnofu nao una purini ila ya wastani, anaweza kula kidogo. Pombe, hasa bia, na soda zenye sukari nazo aziangalie, wengi wanasingizia nyama peke yake wakati bia iko mkononi.

Wengine wa kukaa mbali na maini au kuuliza daktari kwanza, wenye ugonjwa wa kurithi wa chuma kujaa mwilini, wenye ugonjwa wa Wilson ambao ni shaba kujaa, na anayetumia dawa za chunusi za isotretinoini maana hiyo dawa yenyewe ni ndugu wa vitamini A, anajijazia mara mbili.

Watoto wadogo maini yanawafaa, ila kijiko kidogo kilichopondwa mara moja kwa wiki, si bakuli. Nasema hivyo maana nimeona mama analisha kila siku eti mtoto apate akili.

---

Bi_Mizani

Asante dada Tulia, umenipunguzia kuandika. Nimalizie la viungo vingine.

Moyo ni msuli. Ni msuli usiopumzika tangu mnyama yuko tumboni mpaka siku anachinjwa, kwa hiyo uko kati ya mnofu na viungo vya ndani. Protini kama gramu 18, mafuta kidogo ukishatoa yale meupe ya juu, chuma zaidi ya miligramu 4, B12 mikrogramu 8 hivi, na vitamini A karibu hakuna. Mimi ukiniuliza kiungo kimoja cha kula mara kwa mara bila kuogopa ni moyo. Unapata chuma cha karibu na maini bila ile mizigo ya vitamini A na shaba, na hauna ile harufu, mtu asiyependa viungo vya ndani ukimkatia vipande vyembamba hajui anakula nini.

Figo lina protini gramu 17, chuma kama 4.6, B12 kama 27, na seleniamu karibu mikrogramu 140 wakati unahitaji 55 kwa siku. Vitamini A ipo kidogo. Zuri mara mojamoja kwa asiye na jongo.

Bandama ndo maajabu yenyewe. Miligramu 44 za chuma kwenye gramu 100 mbichi. Mnaosema maini ndo mfalme wa chuma hamjaliona hili. Sababu yake ni kwamba bandama ndo sehemu ambayo chembe nyekundu za damu zilizozeeka zinavunjwa na chuma chake kinabaki hapo. Kikomo cha mtu mzima kwa siku ni 45, kwa hiyo usijaze sahani, vipande viwili vitatu vinatosha. Tena bandama na mapafu mabichi vina vitamini C, kitu ambacho mnofu hauna, ila moto unaipunguza.

Mapafu yana chuma pia, kama miligramu 8, protini ya chini kidogo.

Utumbo na matumbo ya ng'ombe, hapa nisitukanwe, mimi mwenyewe navipenda, lakini kwa lishe viko chini ya mnofu. Protini gramu 12 hivi na sehemu kubwa ni kolajeni (protini ya ngozi na kano), ambayo haina kabisa triptofani, moja ya vijenzi vya protini ambavyo mwili lazima uvipate kwenye chakula. Chuma haifiki hata miligramu 1. Ni kitamu, ni laini, basi. Kwa hiyo "viungo vya ndani vina lishe kuliko mnofu" ni sentensi ambayo ikifika kwenye utumbo inaanguka.

Ulimi ni msuli wenye mafuta mengi, gramu 16 kwa mia. Firigisi la kuku nalo ni msuli, protini nzuri na mafuta kidogo sana, watu wanaliweka kundi la maini kwa sababu tu linatoka tumboni.

Na maini ya kuku kwa wale wanaoogopa shaba: yana shaba kama nusu miligramu tu, chuma kama 9 ambayo ni zaidi ya ng'ombe, foleti karibu 590. Vitamini A bado ni nyingi, 3,300 hivi, kwa hiyo mara moja kwa wiki palepale.

---

Pimajoto

Hamjataja kolesteroli. Daktari wangu alinikataza maini kwa sababu hiyo.

---

Bi_Mizani

Kweli ipo, maini ya ng'ombe yaliyoiva yana karibu miligramu 400, mnofu 70 mpaka 90. Ila kwa watu wengi kinachopandisha kolesteroli ya damu zaidi ni mafuta yaliyoganda kuliko kolesteroli ya kwenye sahani, na maini yana mafuta kidogo kuliko mnofu uliojaa mafuta. Miongozo ya lishe ya Marekani ya 2015 iliondoa kile kikomo cha miligramu 300 kwa siku. Lakini kuna watu miili yao inaitikia kolesteroli ya chakula kwa nguvu, na wenye kisukari na wenye kolesteroli ya kurithi ni habari nyingine, kwa hiyo kama daktari kaangalia vipimo vyako akakukataza, msikilize yeye. Wenye kuhitaji hofu ya kweli ni wala ubongo, gramu 100 zina kama 3,000.

---

Kisu_Cha_Mkaguzi

Na ubongo una la ziada. Ule ugonjwa wa ng'ombe kichaa Uingereza ulikuwa unakaa kwenye ubongo na uti wa mgongo, mwaka 1996 serikali yao ikatangaza kwamba inaelekea umewafikia watu. Kupika hakuui kile kitu. Nchi nyingi zikazuia hizo sehemu za ng'ombe zisiingie kwenye chakula. Mnofu wenyewe haukuonekana kuwa na shida.

---

Mzee_Kumbukumbu

Vijana mmeongea vizuri, niwaongezee historia maana hii ya maini na damu haikuanzia gym. Zamani kulikuwa na ugonjwa wa damu kupungua ambao ukiupata unakufa tu, hakuna dawa. Marekani kuna bwana George Whipple alikuwa anawatoa mbwa damu halafu anawalisha vyakula mbalimbali kuona kipi kinarudisha damu haraka, maini yakashinda. Wakaja George Minot na William Murphy wakawalisha wagonjwa wao maini mengi kila siku, mwaka 1926 wakatangaza kwamba wagonjwa wanapona. Mwaka 1934 wote watatu wakapewa Nobeli. Kilichokuwa kinaponya kikaja kujulikana 1948, ndo hiyo B12. Kichekesho ni kwamba mbwa wa Whipple wao walikuwa wanasaidiwa na chuma, maana walikuwa wametolewa damu, na wagonjwa wa Minot wakasaidiwa na B12, vitu viwili tofauti ndani ya ini moja.

Hasara yake nayo ina hadithi. Mwishoni mwa 1912 kule Antaktika, Douglas Mawson na mwenzake Xavier Mertz walipoteza chakula kwenye ufa wa barafu pamoja na mwenzao mmoja, ikabidi wale mbwa wao waliokuwa wanavuta mizigo, hadi maini. Mertz akafa Januari 1913, ngozi inambanduka na akili imemruka. Miaka mingi baadaye wataalamu wakaja kusema huenda ni vitamini A ya maini ya mbwa, wengine wanasema ni njaa na baridi. Ini la dubu mweupe ndo baya zaidi, watu wa barafuni wanajua hawaligusi.

---

Kifua_Chuma

Mzee hao walikula mbwa, sisi tunakula ng'ombe. Tusitishane.

---

Mzee_Kumbukumbu

Vitamini ni ileile kijana wangu, kipimo ndo kinatofautiana.

---

Zuhura_Sufuria

Mimi niongee mapishi maana hapa mmemaliza sayansi mtu akienda jikoni anatoa soli ya kiatu. Maini yakate membamba, toa ile ngozi ya juu na mishipa, loweka kwenye maziwa au maji yenye limau nusu saa hivi, harufu inapungua sana, kausha maji, kikaango kiwe cha moto kabla hujaweka, dakika chache kila upande, chumvi mwishoni. Yaive ndani pasiwe na wekundu, hasa ya kuku maana yana bakteria mpaka katikati si juu tu kama steki, ila yakishaiva toa, ukiendelea yanakuwa magumu na yenye mchanga mdomoni.

Kwa anayechukia ladha kama shemeji yetu, saga maini robo na mnofu robo tatu, tengeneza nyama ya kusaga ya kawaida na vitunguu vya kutosha. Hapo una mnofu wako na vitamini zako na hakuna anayelalamika. Ukichemsha basi mchuzi unywe maana vitamini B nyingine zinabaki kwenye maji.

---

Msumeno_Butu

Wadau nashukuru sana. Mzee nimempigia kuhusu figo kakasirika lakini kasikia. Shemeji mjamzito kesho anaenda kliniki. Mama watoto kakubali ile ya kusaga na mnofu ila ini akate mtu mwingine. Dogo ndo bado, sasa kahamia hoja mpya, anasema basi ataacha maini ya kupika atanunua kapsuli za maini yaliyokaushwa, eti kapsuli sita kwa siku ni sawa na sahani nzima ya maini. Kuna ukweli?

---

Bi_Mizani

Piga hesabu naye mezani. Ini bichi ni kama asilimia 70 maji. Kapsuli moja mara nyingi ina nusu gramu ya unga, sita ni gramu 3, ukirudisha maji ni kama gramu 10 za ini bichi. Kijipande cha kuumwa mara moja. B12 atapata karibu mikrogramu 6, hiyo inamtosha na kuzidi, vitamini A kama 500, nusu ya hitaji lake la siku, chuma nusu miligramu, protini gramu 2. Hazitamdhuru kwa kiasi hicho, ila si sahani, na kwa hela ya kopo moja asome kwanza bei ya kilo ya moyo.